Msomi Asingoje Samaki wa Aina Moja

Kila mwaka, ifikapo tarehe 1 Desemba, uvuvi katika Ziwa Mweru husimamishwa kwa amri ya Serikali ya Zambia mpaka mwisho wa mwezi wa Februari, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua. Katika wilaya ya Nchelenge, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa hilo, wavuvi huvuta mitumbwi nchi kavu. Mabwana samaki hufanya doria, na mwenye kuingia ziwani kwa siri hujua kwamba akikamatwa atajibu mashtaka. Lakini ni kosa kudhani kwamba mvuvi hodari hulala usingizi katika miezi hiyo mitatu. Huo ndio wakati wa kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kulima muhogo na kulipa madeni. Siku ziwa linapofunguliwa, aliyeshona nyavu zake huingia majini, na aliyelala hubaki akitafuta uzi.

Majuma hayo hayo ya mwisho wa mwaka ndiyo majuma ambayo vijana wa ufuko huo humaliza mtihani wa mwisho wa sekondari, na matokeo yao hayatoki mpaka mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo kila mwaka, Nchelenge na mji wa Kashikishi ulioungana nao huwa na makundi mawili yanayongoja: wavuvi wanaongoja ziwa, na vijana wanaongoja karatasi. Miongoni mwa vijana hao wapo ambao wamefanya vizuri katika historia, lugha, jiografia na dini, na ambao watakwenda vyuoni kusomea masomo hayo. Swali linalowakabili, na ambalo linawakabili wenzao wa Mbeya, Kigoma, Kisumu na Lubumbashi, ni hili: mtu aliyesoma lugha na historia atafanya kazi gani?

Huenda msikilizaji aliye kambini au kituoni akajiuliza swali hilo linamhusu nini. Linamhusu kwa njia tatu. Kwanza, askari ni mzazi. Watoto wengi wanaolelewa katika nyumba za polisi na za jeshi husoma masomo ya sanaa, na baba au mama anayehamishwa mara kwa mara kutoka kituo hadi kituo hana muda mwingi wa kuwaongoza. Pili, kila mara nafasi za kuingia jeshini au polisi zinapotangazwa, askari ndiye anayesimama langoni mbele ya foleni ya vijana wenye vyeti mkononi, na anaona kwa macho yake jinsi wengi wao walivyokuja kwa kukosa mahali pengine pa kwenda. Tatu, kazi ya ulinzi yenyewe inawahitaji wasomi wa lugha na wa jamii kuliko inavyodhaniwa.

Ili kuelewa hali ilivyo, hapana budi kurudi nyuma kidogo. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, wananchi wake waliokuwa na shahada ya chuo kikuu walikuwa kiasi cha 100 tu, na waliomaliza sekondari kwa cheti kamili walikuwa kiasi cha 1,200. Nchi ilikuwa na wizara za kuendesha, shule za kufungua, mahakama za kusimamia na balozi za kujaza watu. Chuo Kikuu cha Zambia kilipofungua milango yake mwaka 1966, elimu ya lugha na ya jamii ilikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Kijana aliyehitimu historia katika miaka hiyo hakutafuta kazi; kazi ndiyo iliyomtafuta yeye. Mara nyingi alikuwa na nafasi inayomngoja kabla hajavua joho.

Hali hiyo haikudumu. Kuanzia mwaka 1975 bei ya shaba ilianguka katika soko la dunia, na shaba ndiyo iliyokuwa ikilisha hazina ya Zambia. Serikali ilianza kukopa, na katika miaka ya 1990, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, mashirika ya umma yaliuzwa au kufungwa na idadi ya watumishi ikapunguzwa. Wakati nafasi zikipungua, vyuo viliongezeka na wahitimu wakaongezeka. Mlango ukawa mwembamba, na wanaotaka kupita wakawa wengi. Hata hivyo wazazi wengi waliendelea kuwaambia watoto wao maneno yale yale ya mwaka 1966: soma, upate cheti, serikali itakuajiri.

Mwaka 2022 mlango huo ulifunguliwa tena kwa kishindo. Serikali ya Zambia, iliyokuwa imefuta ada katika shule za sekondari za umma mwanzoni mwa mwaka huo, iliajiri walimu 30,496 kwa mkupuo mmoja. Lilikuwa jambo kubwa na la kupongezwa, na shule za visiwani na vijijini zilizokuwa na walimu wawili au watatu zilipata nguvu mpya. Lakini hata mkupuo huo haukuwatosha wote walioomba. Waliobaki nje wengine walikuwa wamehitimu miaka mingi kabla, na walikuwa wamekaa nyumbani wakingoja tangazo moja kutoka ofisi moja.

Hapo ndipo historia ya Ziwa Mweru inapotoa funzo. Wazee wa ufuko huo hawajamsahau samaki aitwaye mpumbu. Zamani, mvua za kwanza zilipoanza, mpumbu walipanda Mto Luapula kwa maelfu kwenda kutaga mayai, na watu waliwavua wakiwa wamejaa mayai tumboni. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliokuwa na makao Kasenga, upande wa Kongo, waliwanunua na kuwapeleka kwa wachimba migodi wa Katanga. Kila mmoja aliona kwamba neema hiyo haina mwisho. Ilipofika miaka ya 1950, mpumbu alikuwa karibu ametoweka katika biashara. Wale waliokuwa hawajui nyavu nyingine wala soko jingine walipata hasara. Wengine waligeukia perege, ambaye huko huitwa pale. Na kuanzia miaka ya 1970 na 1980 watu wengi, hasa wanawake wafanyabiashara, walijenga maisha yao juu ya dagaa wadogo waitwao chisense, wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Ziwa lilikuwa lile lile, na lilikuwa bado lina samaki. Aliyeshindwa ni yule aliyekuwa amejifunza kuvua samaki wa aina moja tu.

Ualimu wa serikali ndio mpumbu wa wasomi wa masomo ya sanaa. Ni kazi ya heshima na inapasa kuombwa. Lakini kijana anayeufanya kuwa tumaini lake pekee amejiweka mahali walipokuwa wavuvi wa mpumbu. Afadhali atazame ziwa zima, kisha ajiulize ni nini kingine kinachoogelea humo.

Katika ufuko wa Mweru kitu cha kwanza kinachoonekana ni lugha. Nchelenge inatazamana na Kongo ng'ambo ya maji. Upande wa Zambia watu hutumia Kibemba, ambacho ndicho lugha rasmi ya jimbo, pamoja na lugha nyingine za wenyeji. Kiingereza ni lugha ya ofisi. Upande wa pili, katika miji ya Pweto na Kilwa, watu huzungumza Kiswahili, na Kifaransa ni lugha ya ofisi. Kiswahili si kigeni katika eneo hilo. Daudi Livingstone alipofika Ziwa Mweru mwezi wa Novemba 1867, na baadaye kwenye makao ya Mwata Kazembe, aliwakuta huko wafanyabiashara waliotoka pwani ya Afrika Mashariki, na mmoja wao alikuwa ameishi hapo kwa miaka mingi.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana wazi tangu mwezi wa Agosti 2017, wakati mapigano katika Kongo ya kusini-mashariki yalipowafanya maelfu ya watu kuvuka mpaka na kuingia wilaya za Chiengi na Nchelenge. Walipokewa kwanza katika kituo cha Kenani, na kuanzia Januari 2018 wakaanza kuhamishiwa makazi ya Mantapala, katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge. Wengi walizungumza Kiswahili. Basi tazama ni kazi ngapi ziliibuka kwa siku moja: kuandikisha majina na umri, kusikiliza habari za waliopotezana na watoto, kueleza maelekezo ya mganga, kufundisha watoto waliozoea Kifaransa ili waingie shule ya Kiingereza, kusuluhisha ugomvi wa ardhi kati ya mgeni na mwenyeji. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayofanywa na mtambo. Zote zinataka mtu anayejua lugha mbili au tatu, anayesikiliza kwa makini, na anayeandika alichosikia bila kuongeza chumvi.

Polisi wanalijua jambo hili kuliko wengine. Maelezo ya shahidi yakiandikwa vibaya, kesi huvunjika. Shahidi akisema kwa lugha yake kwamba "alimwona mtu anayefanana na mshtakiwa", na mkalimani wa kubahatisha akaandika kwamba "alimwona mshtakiwa", mtu asiye na hatia anaweza kufungwa. Au wakili hodari akigundua tofauti hiyo, mwenye hatia huachiwa. Katiba ya Zambia, katika kifungu cha 18, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Haki hiyo haitimizwi kwa kumwita mpita njia. Inahitaji mtu aliyejifunza. Kwa hiyo ukalimani katika vituo vya mpakani, katika mahakama na katika hospitali ni uwanja mmoja ambao msomi wa lugha anaweza kujiandaa kuuingia.

Majeshi nayo yamejifunza hivyo. Mwezi wa Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi maalumu cha kupambana na waasi mashariki mwa Kongo, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Askari wa Tanzania waliweza kuzungumza na raia wa Goma kwa lugha ya Kiswahili bila mtu wa katikati. Askari anayezungumza na mama sokoni hupata habari ambazo darubini haizioni.

Tena mikutano ya kimataifa imeipanua njia hiyo. Mwezi wa Agosti 2019, katika mkutano wa wakuu uliofanyika Dar es Salaam, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi, na mwaka huo huo Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kijana wa Nchelenge aliyezaliwa na Kibemba, akasoma kwa Kiingereza, akaongeza Kiswahili na Kifaransa cha kutosha, ana mali mkononi ambayo mwenzake wa mji mkuu huenda hana. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi hawaiandiki hata katika barua zao za kuomba kazi, kwa kuwa wanaona lugha ya sokoni si elimu.

Baada ya lugha ipo historia. Kusini mwa Nchelenge, katika Mwansabombwe, ndipo yalipo makao ya Mwata Kazembe wa Walunda, na kila mwaka katika mwezi wa Julai hufanyika sherehe ya Mutomboko inayovuta wageni wengi. Habari za watu hao zisingejulikana kama zilivyo leo kama Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, asingezikusanya na kuziandika kwa Kibemba kwa msaada wa padri Labrecque katika kitabu kilichotolewa mwaka 1951. Miaka 10 baadaye mtaalamu Ian Cunnison alikifasiri kwa Kiingereza, na wanahistoria wamekitumia tangu hapo. Mtawala huyo alitambua kwamba kumbukumbu isiyoandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe. Leo ziko kazi zinazotokana na utambuzi huo: katika makumbusho, katika Tume ya Taifa ya Hifadhi ya Urithi, katika kuwaongoza wageni wanaokwenda kwenye maporomoko ya Ntumbachushi na Lumangwe, na katika kuandaa vitabu vya shule.

Vitabu vya shule vyenyewe ni uwanja wa tatu. Tangu mwaka 2014 shule za Zambia zilianza kutumia lugha za wenyeji katika madarasa ya kwanza ya msingi. Mabadiliko kama hayo hudai waandishi, wafasiri, wahariri na walimu wa lugha hizo. Redio ya taifa nayo hutangaza kwa lugha saba za nchi. Kazi ya kuandika kwa lugha ya nyumbani ina historia ya heshima: mwandishi Stephen Mpashi alijulikana kwa kitabu chake cha Kibemba kuhusu kijana Cekesoni anayeingia jeshini, na wasomaji wake hawakuwa wasomi wa vyuo peke yao.

Sasa, kuzijua nafasi ni jambo moja na kuzipata ni jambo jingine. Hapa inafaa kusema kwa mpango, kama vile kamanda anavyopanga kazi ya kikosi chake.

Hatua ya kwanza ni upelelezi. Kijana asingoje kuhitimu ndipo aulize kazi ziko wapi. Akiwa bado chuoni, aende kwenye ofisi ya elimu ya wilaya, mahakamani, hospitalini, katika ofisi za mashirika ya misaada na kwenye halmashauri, aulize kila mahali maswali matatu: watu wa kazi hii walisoma nini, waliingiaje, na ni jambo gani linalokosekana kwa wanaoomba. Majibu ayaandike katika daftari. Mara nyingi atagundua kwamba kinachokosekana ni jambo dogo, kama kupiga chapa kwa kompyuta, kutunza hesabu, au leseni ya udereva.

Hatua ya pili ni kuongeza ufundi mmoja juu ya elimu yake. Historia pamoja na utunzaji wa hesabu humfaa chama cha ushirika. Kibemba pamoja na kompyuta humfaa mchapishaji. Mwaka 2022 Mfuko wa Maendeleo ya Majimbo ya Uchaguzi nchini Zambia uliongezwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na sehemu ya fedha hizo ikatengwa kwa ajili ya kulipia mafunzo ya ufundi ya vijana. Aliyesoma sanaa asione haya kuomba nafasi hiyo. Chuo cha ufundi hakimshushi hadhi mwenye shahada.

Hatua ya tatu ni karatasi. Nchini Zambia mwalimu hana ruhusa ya kufundisha bila kuandikishwa na Baraza la Ualimu, chini ya sheria ya mwaka 2013, na waajiri wengi hutaka vyeti vithibitishwe na Mamlaka ya Sifa za Elimu. Shughuli hizo huchukua muda. Tangazo la kazi linapotoka huwa na siku chache, na Nchelenge iko mbali na Lusaka. Mwenye kuanza kutafuta nakala siku ya tangazo amekwisha kuchelewa. Karatasi zote ziwe zimethibitishwa, zimefungwa katika bahasha, na kuwekwa mahali pakavu.

Hatua ya nne ni barua yenyewe. Barua njema ni fupi. Haisemi kwamba mwombaji ni mchapakazi na mwaminifu, kwa kuwa kila mwombaji husema hivyo. Husema alichofanya: kwamba alitafsiri katika mikutano ya kijiji, kwamba alikusanya habari za wazee 12 wa ukoo wake, kwamba aliongoza maktaba ya shule kwa mwaka mzima. Asiye na la kusema hapo ana dawa: ajitolee. Miezi mitatu ya kungoja matokeo inatosha kabisa kupata jambo la kuandika.

Katika safari hiyo yote pana adui mmoja ambaye polisi wanapaswa kumfuatilia bila huruma, naye ni tapeli anayeuza kazi. Kila majeshi, polisi au walimu wanapoajiriwa, huzuka watu wanaodai kwamba wanamjua mkubwa fulani, na kwamba kwa kiasi fulani cha fedha jina litaingia katika orodha. Wazazi wameuza ng'ombe, mashine za mitumbwi na viwanja kwa ajili ya nafasi ambazo hazikuwapo. Kazi ya umma haiuzwi, na anayedai malipo ni mwizi, hata akiwa amevaa sare. Na ikiwa amevaa sare kweli, wenzake ndio wa kwanza kupaswa kumfichua, maana ameuza heshima yao wote. Kijana aliyenyang'anywa akiba ya ukoo wake hulichukia dola lenyewe, na chuki hiyo katika mji wa mpakani si jambo la kudharau.

Itakuwa si haki kumtupia kijana mzigo wote. Mpango mzuri hauwezi kuumba nafasi pasipo nafasi. Ni wajibu wa serikali kutangaza kazi waziwazi na mapema, hata kwa redio na kwa lugha za wananchi, ili habari isiishie mjini. Ni wajibu wa mahakama na hospitali za mpakani kuutambua ukalimani kuwa kazi yenye mshahara, badala ya kumkopa mfagizi kila inapotokea shida. Na ni wajibu wa vyuo kumwambia mwanafunzi tangu mwaka wa kwanza ukweli kuhusu soko la kazi, hata kama ukweli huo unapunguza idadi ya wanaojiandikisha.

Kwa askari aliye mzazi, wajibu uliopo ni wa leo jioni. Amwite mwanawe anayesoma historia au lugha, asimcheke kwamba amechagua masomo yasiyo na mkate, wala asimdanganye kwamba serikali itamfuata nyumbani. Wakae pamoja na daftari, waandike lugha anazozijua, kazi alizokwisha kufanya, watu wa kuwaendea na karatasi zinazokosekana. Wahenga walisema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwisho wa Februari ziwa litafunguliwa tena, na wa kwanza kuingia majini watakuwa wale ambao Desemba waliketi ufukoni wakishona nyavu.